KARIBUNI KWENYE ZAMU
Hotuba kwa waongoza ndege wapya

Ndugu Mhariri ameniomba nimpe maneno niliyoyasema siku tulipowapokea waongoza ndege wapya katika kituo chetu hapa Dar es Salaam. Sababu yake naijua. Wawili kati ya vijana wale wametoka shuleni kwetu, na mmoja wao alilala katika bweni lile lile nililolala mimi miaka ya tisini. Nimeyaacha maneno kama yalivyosemwa, ila nimeondoa salamu ndefu za mwanzo na kuongeza maelezo mawili matatu kwa ajili ya wanafunzi walioko madarasani sasa, ambao huenda hawajawahi kupanda mnarani.

* * *

Ndugu Mkuu wa Kituo, ndugu wasimamizi wa zamu, ndugu wafanyakazi wenzangu, na ninyi wageni wetu wa leo ambao kuanzia kesho hamtakuwa wageni tena: karibuni sana.

Nianze na jambo la nyumbani. Ndugu zenu watawauliza mmepata kazi gani. Mkisema kwamba mnaongoza ndege, wengine watadhani ninyi ni marubani na wataomba tiketi. Wengine, kama mjomba wangu ambaye nimemweleza kwa zaidi ya miaka 15, wataamini kuwa ninyi ndio wale wanaosimama uwanjani na vibao mikononi, wakiipungia ndege mahali pa kuegesha. Kazi ile ni ya heshima, lakini siyo yenu. Yenu ni kusema na kusikia. Rubani anaona mawingu yaliyo mbele yake na saa zilizo mezani kwake. Haioni ndege inayotoka Lusaka kwa urefu ule ule kuja upande wake. Wewe ndiwe unayejua habari za wote wawili, na huna usukani, huna breki, huna chochote cha kushika ila kipaza sauti.

Anga letu linapakana na la Nairobi, Entebbe, Lusaka, Lilongwe na Beira, na kwa mashariki linaingia mbali juu ya Bahari ya Hindi. Wazee waliotutangulia katika kazi hii walikuwa watumishi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 ilibidi kila nchi ijitegemee, na Tanzania ikaendesha shughuli hii kwa idara ya serikali hadi ilipoanzishwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga mwaka 2003. Zamani kijana alifungasha sanduku akaenda kusoma Nairobi. Ninyi mmefundishwa hapa hapa Dar es Salaam, na mmekuta rada za kiraia Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Wazee wale walifanya kazi kwa saa ya ukutani, penseli, na vipande virefu vya karatasi, kila ndege na karatasi yake. Msiwacheke. Siku rada itakapozimika, mtaulizana penseli iko wapi.

Sasa fanyeni nami hesabu ndogo, kwa sababu nawajua, mmeshachoka na hotuba. Ndege kubwa ya abiria ikiwa juu huenda kiasi cha maili 8 za baharini kwa dakika moja. Mbili zikielekeana, zinakaribiana kwa maili 16 kila dakika. Kiwango cha kawaida cha kimataifa cha kutenganisha ndege kwa rada zikiwa safarini ni maili 5, na kwa kwenda juu ni futi 1,000. Gawanyeni 5 kwa 16. Mnapata sekunde zisizofika 20. Huo ndio muda uliobaki kama ndege mbili zimefika kwenye maili zile 5 zikiwa uso kwa uso na urefu mmoja. Katika sekunde 20 mtu hawezi kwenda kumwita mkubwa wake ofisini.

Ndiyo sababu kazi hii ina maneno yake, na kila neno lina maana moja tu. Mmeshakaririshwa chuoni kwamba tatu ya Kiingereza tunaitamka "tri", tano "faif" na tisa "naina", maana redio ikikwaruza, tano na tisa za kawaida hufanana kama mapacha. Mmekaririshwa pia kwamba "Roger" maana yake ni kuwa nimepokea maneno yako yote ya mwisho. Haina maana ya ndiyo. Haina maana ya nimekubali, wala ya nitafanya. Ukimpa rubani urefu wa kupanda naye akajibu "Roger" peke yake, hujamaliza kazi. Arudie tarakimu, nawe uisikilize hiyo tarakimu.

Naomba tuliangalie jambo hili kwa jicho la kwetu. Sisi tuliosoma shule za serikali tunajua mwalimu alivyokuwa akimaliza kipindi. Anafunga kitabu, anauliza: "Mmeelewa?" Darasa zima linaitika: "Ndiyooo!" Nusu yetu hatujaelewa, na mwalimu anajua hatujaelewa, lakini kengele imelia na ugali unapoa. Ile "ndiyo" ilikuwa adabu, haikuwa jibu. Mtu huikulia, akaenda nayo chuo kikuu, akaajiriwa nayo. Mimi katika miaka yangu ya kufundisha vijana kwenye meza ya kazi sijaona kitu kigumu kuking'oa kama hicho. Ramani watazijua baada ya wiki chache. Lakini "ndiyo" ile hukaa kooni.

Nitawaeleza ilivyoua watu mahali ambapo hapakuwa na Mswahili hata mmoja, msije mkadhani ni ugonjwa wetu peke yetu.

Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kwenye kisiwa cha Tenerife, Hispania, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM ya Uholanzi na nyingine ya Pan Am ya Marekani, ziligongana juu ya njia ya kurukia. Walikufa watu 583. Hadi leo haijatokea ajali ya ndege iliyoua watu wengi zaidi. Ndege zenyewe hazikupaswa kuwa hapo: bomu lilikuwa limelipuka katika uwanja wa Gran Canaria, zikaelekezwa Tenerife, uwanja ule mdogo ukajaa, kisha ukungu ukashuka hata mnarani wakawa hawaoni njia. Rada ya kuona chini hawakuwa nayo.

Ndege ya KLM ilikuwa imefika mwisho wa njia na kugeuka, tayari kuondoka. Pan Am ilikuwa bado inatembea juu ya njia ile ile. Mwongoza ndege akawapa KLM kibali cha safari, yaani maelezo ya njia watakayoifuata wakishakuwa juu. Hakuwapa kibali cha kuruka. Rubani msaidizi akarudia kibali kile vizuri, lakini akamalizia kwa maneno yake mwenyewe, kwamba sasa wako kwenye kuruka. Mnarani wakaelewa kuwa wako tayari wanangoja. Mwongoza ndege akajibu "OK", neno ambalo halimo katika maneno yetu ya kazi, halafu akawaambia wasubiri. Sekunde ile ile Pan Am nao wakasema kuwa bado wako njiani.

Wanafunzi mtakaosoma haya, redio yetu ina tabia moja. Watu wawili wakisema kwa pamoja katika masafa yale yale, huwasikii wote wawili. Unasikia mluzi. Basi ndani ya ndege ya KLM kilichosikika wazi ni "OK", kisha mluzi. Ndege ilikuwa imekwisha anza kukimbia.

Hapo ndipo nataka mnisikilize. Ndani ya chumba kile cha marubani kulikuwa na mtu wa tatu, mhandisi wa ndege. Yeye alishika kitu katika maneno ya redio yaliyofuata. Akauliza kama yule Pan American hajatoka njiani. Nahodha akamjibu kwa mkazo kuwa ametoka. Nahodha yule hakuwa mtu wa kawaida. Alikuwa mkuu wa wakufunzi wa marubani wa 747 katika shirika lake, na picha yake ilitumika katika matangazo ya shirika. Mhandisi hakuuliza mara ya pili.

Baada ya Tenerife dunia ilibadilisha maneno. Neno la Kiingereza "take-off" sasa halitamkwi redioni ila wakati wa kutoa kibali chenyewe cha kuruka, kukirudia, au kukifuta. Kabla ya hapo tunasema "departure". Mkiliona ni jambo dogo, kumbukeni bei iliyolipwa. Lakini neno ni rahisi kulibadilisha. Lile la mhandisi kutouliza mara ya pili halibadilishwi kwa waraka.

Sisi tumelelewa vizuri, nami nashukuru. Mtoto wa kwetu anamwamkia mkubwa, anampisha kiti, hamkatizi mazungumzo, na mkubwa akikosea mbele za watu, mtoto huangalia chini. Sitaki mtu aniletee hapa tabia za kutokuamkiana eti kwa sababu tuna mitambo ya kisasa. Shikamoo zote zitolewe, mlangoni. Ukishavaa vipaza vya masikioni na kukaa mezani, kinachosikika ni tarakimu. Tarakimu ya mzee wa miaka 58 ikiwa siyo, siyo.

Katika kituo kimoja ambacho sitakitaja, binti mwenye miezi minne kazini alikuwa ameketi kando ya msimamizi wake. Kazi yake siku ile ilikuwa kushika simu tu, kuwasiliana na vituo jirani. Msimamizi alimpa rubani kibali cha kushuka hadi futi 11,000. Rubani akarudia, na binti akasikia 10,000. Kwa Kiingereza cha redio tarakimu hizi mbili ni ndugu wa karibu mno: moja-moja-sufuri, moja-sufuri-sufuri. Hapo chini kwenye 10,000 kulikuwa na ndege nyingine. Msimamizi alikuwa amekwisha geukia ndege ya tatu. Binti akamgusa mkono akasema: "Mzee, amesema mia moja." Msimamizi akamwambia hapana, nimemsikia. Binti akasema tena: "Mzee, muulize." Akauliza. Rubani alikuwa akielekea 10,000 kweli. Akasimamishwa 11,000 na mambo yakaisha, hakuna abiria hata mmoja aliyejua.

Mngedhani binti yule alipewa mkono wa pongezi. Msimamizi mwenyewe, kwa haki yake, alimshukuru pale pale na kuandika taarifa. Waliobaki ndio waliofanya mambo. Kwenye chumba cha chai yakaanza maneno: amemwaibisha mzee, anajifanya anajua, hawa wenye digrii. Wiki tatu binti hakufungua mdomo ila kwa kazi ya simu. Yaani masikio mazuri kuliko yote katika zamu ile yalikuwa yamefungwa mdomo na vikombe vya chai. Msimamizi alipogundua aliita zamu nzima akasema nao, na sitarudia hapa maneno aliyotumia. Binti huyo leo ni mkufunzi. Lakini nawauliza ninyi wakongwe mlioketi nyuma: wangapi walifungwa mdomo hivyo na hatukugundua?

Kwa hiyo maneno yangu ya kuwakaribisha vijana, kwa sehemu kubwa, ni kwenu ninyi wakubwa. Wahenga walisema mkubwa ni jalala. Jalala halichagui linachotupiwa. Kijana atakuambia mara kumi kwamba amesikia vibaya, na mara tisa atakuwa yeye ndiye aliyesikia vibaya. Mvumilie mara tisa. Ukimkaripia ya tatu, ya kumi hataisema. Mimi nimeamua katika zamu yangu kwamba mtu akisema "muulize", ninauliza, hata kama nina hakika kama ninavyolijua jina la mama yangu. Rubani akiulizwa kurudia hupoteza sekunde nne.

Nanyi wapya, mna silaha yenu, maneno mawili: "Say again". Sema tena. Yameandikwa katika maneno rasmi ya kazi, hayana dharau ndani yake, na hayana umri. Nahodha wa ndege kubwa yenye watu 300 atayapokea kutoka kwako bila kukuuliza umemaliza chuo lini.

Nije kwenye lugha, nitapita haraka. Mtafurahi siku mtakapomsikia rubani mliyesoma naye akiita kutoka Mafia au Zanzibar, na ulimi utawasha kumjibu kwa Kiswahili. Msijibu. Mnipende Kiswahili kama ninavyokipenda, lakini kwenye masafa kuna Mhabeshi, kuna Mturuki, kuna Mholanzi, na kila mmoja anachora picha ya anga kichwani kwa kusikiliza wenzake. Tarehe 10 Septemba 1976, juu ya Zagreb katika Yugoslavia ya wakati ule, mwongoza ndege aligundua kwa kuchelewa kwamba ndege ya Inex-Adria inapanda kuelekea urefu wa ndege ya Uingereza aina ya Trident. Katika hofu akahamia lugha ya nyumbani, akawaambia wenzake wabaki walipo. Walipotulia walikuwa kwenye futi 33,000, urefu wa Trident hasa. Waingereza hawakuelewa lililosemwa. Watu wote 176 walikufa.

Kuna jambo jingine katika Zagreb ambalo halitajwi sana, nami nalitaja kwa ajili ya wale wawili wa shule yangu, wanaojua kengele ya saa kumi na moja alfajiri. Mwongoza ndege yule alikuwa peke yake mezani kwa mzigo wa watu wawili. Mtu wa zamu inayofuata alikuwa amechelewa, na mwenzake aliyekuwa akimsaidia aliondoka kwenda kumtafuta. Aliyefungwa jela hatimaye ni yule aliyebaki mezani. Waongoza ndege wa nchi mbalimbali walimtetea, akaachiwa mwaka 1978. Mimi ninapomwona mtu anaingia dakika kumi baada ya saa ya zamu, akitabasamu na kulaumu foleni ya Tazara, huwa namkumbuka yule wa mezani.

Na kusema kuna mpaka wake. Tarehe 1 Julai 2002 ndege mbili ziligongana usiku juu ya Überlingen, Ujerumani, wakafa watu 71, wengi wao watoto wa shule kutoka Urusi. Mtambo uliomo ndani ya ndege ulimwambia rubani mmoja apande na mwingine ashuke. Mwongoza ndege, naye peke yake kazini na simu yake imefungwa kwa matengenezo, alimwambia ashuke yule aliyeambiwa na mtambo apande. Akatii sauti ya binadamu, na zote mbili zikashuka. Tangu hapo kanuni imekazwa: mtambo ukisema, rubani anaufuata, na akikuambia anaufuata, wewe acha kumwamrisha. Mpe nafasi. Utakuwa umeyashika meno kwa ulimi, na zitakuwa sekunde ndefu kuliko zote maishani mwako, lakini nyamaza.

Sasa mambo ya kawaida. Hamtaachiwa meza peke yenu. Kila mmoja atakaa na mkufunzi mwenye vipaza vyake na uwezo wa kukata sauti yako akaingia yeye, akikukata, usinune. Leseni yako ina cheti cha daktari ndani yake, basi ukiwa na homa, dawa ya mafua yenye usingizi, au msiba, mwambie msimamizi kabla ya zamu. Hakuna atakayekuita mvivu, na akikuita, niletee jina lake. Mvua za masika zikianza mtaona ndege kumi zinaomba kukwepa wingu moja, kila moja upande wake. Msikilizeni mkufunzi hasa siku hizo. Vindege vidogo vya Zanzibar navyo visipangwe karibu nyuma ya ndege kubwa: upepo unaoachwa na mabawa ya ndege kubwa unaweza kukipindua kindege, na rubani wake, kwa haraka zake, mara nyingine atakuambia hajali. Wewe ujali.

Njia yetu kuu inaitwa 05 upande mmoja na 23 upande wa pili. Kuna mtu alifaulu masomo yote akashindwa kunieleza kwa nini tofauti yake ni 18. Sitamtaja, yumo humu ndani. Mwulizeni wakati wa chai, na mkiona anasema "ndiyo, ndiyo", mrudishieni swali.

Ratiba za zamu zimebandikwa karibu na mlango. Majina mawili yameandikwa vibaya, wenyewe watajiona, wamwone karani leo hii kabla ya saa tisa na nusu. Zamu ya kwanza ni kesho. Tutakwenda juu mnarani kwa makundi ya watu wanne wanne, kwa sababu nafasi ni ndogo na walio kazini hawataki kelele. Zimeni simu zenu hapa chini. Kundi la kwanza, nifuateni.